Paa Ndilo Linaloamua Ukuta

Anayetaka kulielewa kanisa dogo la Kianglikana vijijini, mfano huku Mumbuni, Ukambani, namshauri atazame paa kabla ya kusoma jiwe la msingi.

Chini ya mabati kuna kenchi: mbao mbili za mteremko zinazokutana juu, na moja inayolala kutoka ukuta hadi ukuta. Zile za mteremko hutaka kutanuka, kama miguu ya mtu anayeteleza kwenye matope. Ile inayolala huzishika. Ukuta basi hubeba uzito wa kushuka tu, na matofali ya kuchoma yanatosha. Adui ni upepo, maana mabati ni mepesi. Fundi makini huifunga kenchi kwa nondo zilizoachwa kwenye lenta.

Linganisha na kanisa kuu la Mkunazini, Zanzibar, lililoanzwa mwaka 1873 palipokuwa na soko la watumwa. Askofu Edward Steere aliliezeka kwa kuba refu la saruji na matumbawe yaliyopondwa, bila nguzo ya katikati wala boriti. Ni kazi ya kishujaa. Lakini kuba husukuma kuta nje, kwa hiyo hudai kuta nene, na hudai fomu za mbao na fedha za mfululizo.

Fedha za mfululizo ndizo tusizo nazo sisi Waanglikana wa Ukambani. Huku kulihubiriwa sana na Africa Inland Mission, tangu Peter Cameron Scott alipofungua kituo Nzaui mwaka 1895, ndiyo maana makanisa ya AIC (Africa Inland Church) ni mengi. Waanglikana wana All Souls, kanisa kongwe mjini Machakos. Vijijini hujenga kwa harambee, ukuta mwaka huu, mabati Mungu akijalia. Kenchi inavumilia ujenzi wa namna hiyo. Kinachoumia ni kichwa cha ukuta kilichoachwa wazi: mvua huingia kwenye viungo, udongo wa kuungia matofali ukalainika, na tofali la juu likang'oka kwa mkono. Kifunikeni, hata kwa karatasi ya nailoni.

Zile nguzo za kuegemeza ukuta, zilizoigwa Uingereza, husaidia ukuta mrefu usiyumbe. Kwa msukumo wa paa la kenchi hazina kazi, na kwenye kanisa fupi ningezitoa nikanunue gata na tangi la kuvuna mvua. Paa la mita 8 kwa 15, mvua ikinyesha milimita 10, hupokea lita 1,200.