Broyard na Daktari Anayejua Kusoma

Anatole Broyard aliishi kwa kusoma vitabu vya watu na kuvihukumu. Kwa miaka mingi alikuwa mhakiki wa The New York Times. Mwaka 1989 akaambiwa ana saratani ya tezi dume, tena iliyokwisha kusambaa. Oktoba 1990 akafariki, akiwa na miaka 70. Kati ya tarehe hizo mbili aliandika insha ambazo zilitoka kama kitabu mwaka 1992, zikihaririwa na mkewe Alexandra na kupewa dibaji na Oliver Sacks. Kitabu kinaitwa Intoxicated by My Illness, yaani mtu aliyeleweshwa na ugonjwa wake.

Ni kitabu chembamba, jioni mbili unakimaliza. Insha ninayoirudia kila mara ni ile ambayo mgonjwa ndiye anampima daktari. Broyard anageuza meza. Anasema, kwa maneno yangu, kama daktari anaagiza damu ipimwe na mifupa ipigwe skani, basi na roho ya mgonjwa nayo aitazame. Hadai urafiki wala machozi. Anataka dakika kama tano tu za akili nzima ya daktari. Anataka msomaji makini, mtu wa kumsoma yeye kama yeye alivyosoma riwaya.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni maringo ya msomi. Mtu anakufa, bado anadai mtindo! Lakini ukijua skani ya mifupa inavyofanya kazi, unaona dai lake si la anasa hata kidogo.

Mgonjwa anachomwa sindano yenye dawa ya mionzi, anasubiri saa kadhaa, kisha analazwa chini ya kamera. Picha inayotoka ni ya mifupa yenye madoa. Sasa, wengi tunadhani doa ni saratani. Kumbe sivyo. Kamera haioni saratani. Inaona mahali ambapo mfupa unajijenga kwa bidii. Saratani hufanya mfupa uhangaike hivyo, lakini hata mvunjiko wa zamani unafanya, na yabisi ya viungo vilevile. Na kuna ajabu kubwa zaidi: matibabu yakianza kufanya kazi, mfupa unaopona nao hujijenga kwa nguvu. Kwa hiyo skani ya miezi ya mwanzo inaweza kuonyesha madoa yaliyokolea zaidi, hata mapya, kwa mtu ambaye anapata nafuu. Ndiyo maana wataalamu hawatakiwi kutangaza kwamba dawa imeshindwa kwa sababu tu ya madoa mapya kwenye skani ya kwanza baada ya tiba kuanza. Husubiri skani inayofuata, huku wakiangalia kipimo cha damu cha PSA, maumivu, na hali ya mtu mwenyewe.

Hebu fikiria hilo kama msomaji wa fasihi. Alama ileile, maana mbili zinazopingana, na ukurasa mmoja peke yake hautoshi kukuambia ipi ndiyo. Lazima usome wa kabla na wa baada.

Baba yangu mdogo alipewa ripoti ya namna hiyo miezi mitatu baada ya kuanza tiba. Alikabidhiwa bahasha, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Akaja nayo kwangu. "Mwanangu, wewe si ndiye wa vitabu? Nisomee." Ripoti ilikuwa ya Kiingereza, na iliandika madoa mapya mawili. Nyumbani tayari kulikuwa na waliosema aache dawa, apelekwe kwa mganga, hela isiendelee kuliwa bure. Nikamwambia, "Baba, maneno nimeyaelewa, ila maana yake hayamo humu. Tumwulize daktari kabla hujaacha chochote." Tulikwenda kabla ya siku yake. Daktari, kijana tu, aliweka picha mbili sambamba, akatuonyesha PSA iliyoshuka, akamwuliza mzee analala vipi usiku. Zilikuwa dakika tano, labda sita. Mzee hakuacha dawa. Skani iliyofuata haikuwa na doa jipya.

Lugha yenyewe nayo ina mitego. Ripoti inaposema ugonjwa unasonga mbele, mtu anayetafsiri haraka ataandika "maendeleo". Sasa kwetu maendeleo ni barabara, shule na zahanati! Nani alie kwa kusikia ana maendeleo? Na "chanya", neno zuri kila mahali, kwenye karatasi ya maabara mara nyingi ndilo baya. Susan Sontag, katika Illness as Metaphor ya mwaka 1978, alitaka ugonjwa uvuliwe sitiari zote. Broyard anamjibu kwamba mgonjwa anazihitaji sitiari ili aendelee kuishi. Mimi, niliyezoea kusikia majukwaani kwamba rushwa ni saratani, nampa Sontag nusu ya haki. Lakini mzee wangu hakuumizwa na sitiari. Alikaribia kuumizwa na maneno makavu ambayo hakuna aliyemfafanulia.

Kitabu kina udhaifu, na haufichiki. Broyard anatetea mtindo kama mtu ambaye atasikilizwa popote aingiapo. Mgonjwa anayesubiri kwenye benchi tangu alfajiri hana nafasi ya kumchagua daktari kwa haiba. Tena kuna ukurasa ambao Broyard mwenyewe aliufunga. Alizaliwa New Orleans katika familia ya Wakrioli weusi, akaishi akihesabiwa mzungu; watoto wake waliambiwa siku zake za mwisho. Bintiye Bliss aliandika habari hiyo katika One Drop, mwaka 2007. Katika kitabu chake cha ugonjwa, mtu anayeomba asomwe mpaka rohoni hasemi neno juu ya hilo.

Wengine wanamwita mnafiki. Mimi naona kimya hicho kinalipa uzito ombi lake. Alijua vizuri mno jinsi watu wanavyosoma ngozi na kuamini wamekusoma wewe. Mwishoni mwa kitabu kuna hadithi yake ya mwaka 1954, What the Cystoscope Said, kuhusu kifo cha baba yake: chombo cha hospitali kinapewa mdomo katika kichwa cha hadithi, lakini mwana ndiye anayebaki kutafuta maana ya kilichosemwa.

Kisomeni, hasa ninyi mnaotumiwa picha za ripoti usiku kwa kuwa ndio "wasomi" wa ukoo. Hakitawafundisha udaktari. Kitawafundisha kudai zile dakika tano, na kuzidai kwa niaba ya wazee ambao hawatazidai wenyewe.