Kupima Mzio wa Nikeli kwa Damu

Mzio wa nikeli hauonekani katika vipimo vya kingamwili, kwa sababu kazi yote hufanywa na limfosaiti T, zile seli nyeupe za damu zinazokumbuka kitu kilichowahi kuzichokoza. Ndiyo maana upele wa sikio lenye hereni, au wa tumbo linapoguswa na bizimu la mkanda, huchukua siku moja au mbili kutokea. Maabara inayoutafuta mzio huo haina budi kuzichokoza seli zenyewe na kuona zinavyoitikia.

Damu hutolewa ikachanganywa na heparini ili isigande. Humiminwa taratibu juu ya kimiminika kizito, kisha huzungushwa kwa kasi kwenye mashine. Seli nyekundu huzama, na limfosaiti hubaki katikati, utando mwembamba mweupe unaonyonywa kwa pipeti. Hugawanywa katika vishimo vya sahani ya plastiki: vingine hutiwa salfeti ya nikeli kwa viwango mbalimbali, vingine huachwa bila metali yoyote. Sahani hukaa kwenye nyuzi 37 za selisiasi kwa siku 5 au 6. Karibu na mwisho hutiwa thaimidini yenye mionzi, ambayo seli zinazogawanyika huitumia kujenga DNA mpya. Mionzi iliyoingia huhesabiwa. Hesabu ya vishimo vyenye nikeli hugawanywa kwa ile ya vishimo visivyo nayo. Maabara nyingi huchukua jibu la 3 na kuendelea kuwa chanya.

Ugumu mkubwa uko kwenye kiwango. Nikeli ikizidi huua seli, na hata isipoziua inaweza kuziamsha za mtu asiye na mzio kabisa. Tena jibu chanya huonyesha tu kwamba seli zinaitikia nikeli. Halithibitishi kwamba nikeli ndiyo iliyoleta upele.

Kwa hiyo kipimo cha plasta mgongoni, alichokieleza Josef Jadassohn mwaka 1895, bado ndicho cha kutangulia. Ulaya hutumia salfeti ya nikeli ya 5% katika vaselini, hubandikwa saa 48, na ngozi hukaguliwa tena siku ya 3 au 4. Ukaguzi wa siku ya 7 usiachwe, maana metali hukawia kujitokeza. Kipimo cha damu kina manufaa zaidi pale mgongo wote umejaa ukurutu na hakuna pa kubandika.

Kifaa kinachoshukiwa nacho hupimwa: pamba yenye dimethiliglioksimu na amonia husuguliwa juu yake, na nikeli ikiwa inatoka, pamba hugeuka waridi.