Lulu, Johari na Almasi: Uhakiki wa Hoja za Kufufua Majina ya Vito kwa Watoto wa Kike Mkoani Singida

Ikisiri

Makala hii inahakiki hoja zinazotolewa kuunga mkono au kupinga kurejeshwa kwa majina ya kale ya vito, kama vile Lulu, Johari, Yakuti na Zumaridi, kwa watoto wa kike mkoani Singida. Inaonesha kwamba pande zote mbili huegemea maana ya kikamusi na kuiacha kando historia ya matumizi ya majina hayo, hususani nafasi yake katika utumwa wa karne ya 19. Kwa ushahidi wa etimolojia, jinsia na upatanisho wa kisarufi, makala inadai kwamba majina haya yanastahili kutetewa, lakini kwa sababu tofauti na zinazotolewa na watetezi wake.

Utangulizi

Singida ni mkoa wa lugha nyingi. Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu, Kigogo na Kikimbu ni lugha za Kibantu. Kitaturu ni cha Kiniloti. Na Kihadza hakijathibitishwa kuwa na udugu na lugha nyingine yoyote. Juu ya lugha hizo zote kuna Kiswahili, ambacho ndicho hubeba majina mengi yanayoandikwa katika vyeti vya kuzaliwa. Kwa hiyo mtoto anapozaliwa, jina lake huwa ni makubaliano baina ya bibi anayetaka jina la ukoo, kiongozi wa dini anayetaka jina la imani, na wazazi vijana wanaotaka jina zuri masikioni.

Katika makubaliano hayo majina ya vito yamepata watetezi. Hoja zao ni tatu: kwamba majina hayo ni yetu kuliko Ruby, Pearl na Jewel, kwamba ni ya kale, hivyo kuyatumia ni kurudi kwenye asili, na kwamba humfundisha binti kuwa yeye ni mtu wa thamani. Wapinzani nao husema kwamba majina hayo ni ya pwani na ya Waarabu, na kwamba hayahusiani na bara. Hoja hizi zinastahili kupimwa moja baada ya nyingine, kwa kuwa jina ni zawadi ambayo mpewaji haulizwi kama anaitaka.

Hoja ya uenyeji

Kwa kigezo cha asili ya neno pekee, hakuna upande unaoshinda. Neno lulu limetoka Kiarabu. Johari ni la Kiajemi lililopitia Kiarabu, na feruzi pia chimbuko lake ni Kiajemi. Almasi, yakuti na zumaridi yalipitia Kiarabu, lakini mizizi yake inarudi hadi Kiyunani. Anayemkataa Pearl kwa sababu ni neno la kigeni, akampokea Zumaridi kwa sababu ni letu, anatofautisha wageni wawili kwa tarehe ya kuwasili tu.

Hata hivyo, tofauti ya msingi ipo, nayo ni ya kifonolojia. Kiswahili kiliyatohoa maneno hayo hadi yakatii muundo wa silabi zake: zumurrud ikapata irabu na kuwa zumaridi, yaqut ikawa yakuti, na lu'lu' ikaacha vikwamizi vyake vya koromeo. Pearl bado huandikwa kama inavyoandikwa Uingereza, na kila msemaji huitamka kadiri ya shule aliyosoma. Kwa hiyo uenyeji wa Lulu unatokana na kazi ambayo wasemaji wa Kiswahili wameifanya juu ya neno hilo kwa vizazi vingi.

Wapinzani wanaosema kwamba majina haya hayana njia ya kufika bara wanaisahau ramani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, ikavuka nyika ya Mgunda Mkali, katika eneo ambalo sehemu yake leo ni Wilaya ya Manyoni. Wapagazi, askari, wafanyabiashara na watumwa walipita huko na majina yao. Shanga nyekundu za kioo, zilizoiga rangi ya marijani ya fedhaluka, ziliuzwa mamia ya kilomita kutoka baharini. Dhahabu, kinyume chake, ilikuwa ya mkoa wenyewe: mgodi wa Sekenke huko Iramba ulichimbwa tangu enzi ya Wajerumani, na dhahabu yake ikatumika kufulia sarafu ya rupia 15 huko Tabora mwaka 1916. Lakini jina lililozoeleka kwa mabinti ni Lulu, zao la bahari ambayo Singida haina. Dhahabu halikupata nafasi hiyo. Majina husafiri na watu, si lazima yachimbuke katika ardhi ya wanaoyatumia.

Hoja ya ukale

Hoja ya pili ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayorudiwa mara nyingi. Ni kweli kwamba majina ya vito ni ya kale. Lakini swali ambalo watetezi hawaulizi ni hili: yalikuwa ya nani?

Katika ulimwengu wa Kiislamu wa zama za kati, majina ya vito na manukato yalikuwa miongoni mwa majina waliyopewa watumwa na mabwana wao. Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, aliuzwa Baghdad akiwa mtoto. Jawhar, jemadari aliyeiteka Misri mwaka 969 na kuasisi Kairo, alikuwa na asili ya utumwa. Desturi hiyo ilifika pwani ya Afrika Mashariki, ambako Almasi, Feruzi na Marijani ni majina yanayotambulika katika kumbukumbu za watumwa na wapagazi. Muungwana alirithi jina la nabii au la babu, na mtumwa akapewa jina la kitu kizuri ambacho bwana angependa kuwa nacho. Si kila aliyeitwa Almasi alikuwa mtumwa, lakini desturi ilikuwa na mantiki yake: kito kina mwenyewe.

Historia hiyo haikujificha kwa walioiishi. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu, alipewa utotoni jina la Mtumwa, na Siti ni jina alilolipata baadaye. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, baadhi ya walioachiwa huru waliyaacha majina ya utumwani na kuchukua ya waungwana. Kwao, kubadili jina kulikuwa sehemu ya uhuru wenyewe.

Jambo la pili linahusu jinsia. Wengi wa wenye majina hayo wanaokumbukwa katika historia ni wanaume. Katika Kiswahili, Almasi, Feruzi na Marijani yameendelea kuwa majina ya kiume. Mfano unaofahamika na wengi ni mwanamuziki Marijani Rajab. Lulu na Johari ndiyo yaliyohamia kwa wanawake na kukaa huko, hata filamu za Tanzania zikayafanya kuwa majina maarufu ya waigizaji Elizabeth Michael na Blandina Chagula. Basi anayempa binti yake jina la Lulu hafufui kitu, kwa sababu jina hilo halijafa. Na anayempa binti jina la Almasi hafufui pia, anabuni. Ubunifu huo hauna kosa, ila usitetewe kwa jina la mababu.

Hoja ya thamani

Hoja ya tatu ina uzito zaidi kwa kuwa inaungwa mkono na maandiko ya dini zote mbili kubwa za mkoa. Sura ya 31 ya Mithali humpima mke mwema kwa marijani na kumwona amezidi. Surat Rahman hufananisha wanawali wa peponi na yakuti na marijani. Isitoshe, Wakristo wengi wanaodhani hawana jina la kito tayari wanalo: Margareta, ambaye katika madaftari mengi ya Tanzania huandikwa Magreth, ni lulu kwa Kiyunani. Lulu wa familia ya Kiislamu na Magreth wa familia ya Kilutheri huko Iramba ni wajina wasiojuana.

Hata hivyo, thamani ina sura mbili. Mithali hutumia neno kima, ambalo ni neno la sokoni. Katika jamii ambazo mahari ya ng'ombe ina historia ndefu, na katika nchi ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, kumwambia binti kwamba yeye ni kito kunaweza kusikika kwa namna mbili: kwamba hana bei, au kwamba bei yake ni kubwa. Mtetezi anayedhani jina lenyewe humpa mtoto heshima amesahau kwamba walioitwa Yakuti na Johari sokoni walisifiwa vivyo hivyo kabla ya kuuzwa. Methali husema jina jema hung'ara gizani, lakini jina linalozungumziwa humo ni sifa aliyoichuma mtu kwa matendo yake. Kito hakiwezi kung'ara gizani. Husubiri mwanga wa mwingine.

Ushahidi wa sarufi

Je, majina haya yaachwe? Sarufi ya Kiswahili yenyewe inatoa jibu ambalo pande zote mbili hazijalitumia. Nomino lulu imo katika ngeli ya I-ZI: lulu imepotea, lulu yangu, lulu zangu. Inapokuwa jina la mtu huhamia ngeli ya A-WA: Lulu amepotea, Lulu wangu, akina Lulu. Uhamaji huu ni kamili kuliko ule wa nomino nyingi za udugu na urafiki, ambazo hupatanisha kitenzi kwa ngeli ya watu lakini hubaki na kimilikishi cha I-ZI katika umoja: dada yangu amefika, rafiki yangu amefika.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Mpenzi anayesema "wewe ni lulu yangu" anatumia sitiari, na upatanisho unambakiza msifiwa katika ngeli ya vitu. Mama anayeita "Lulu wangu" amekwisha kumtoa humo. Na majirani wanapomwita mama huyo Mama Lulu, uhusiano wa umilikaji umegeuka: sasa mtoto ndiye anayempa mkubwa jina. Hapo ndipo jina la kito lilipokombolewa, katika vinywa vya wanawake waliolitumia kila siku.

Hitimisho

Watetezi wa majina ya vito wamefika kwenye hukumu sahihi kwa hoja zisizotosha. Majina haya hayastahili kupokewa kwa sababu ya ukale wake, maana ukale huo una minyororo, wala kwa sababu kito ni ghali. Yanastahili kwa sababu wasemaji wa Kiswahili, wakiwamo wazao wa waliobandikwa majina hayo bila hiari, waliyageuza kutoka lebo za mali kuwa majina ya watu. Lulu na Johari yamemaliza safari hiyo. Yakuti, Zumaridi na Almasi kwa watoto wa kike ndiyo kwanza yanaianza, na wazazi wa Manyoni au Mkalama wanaoyachagua wana haki ya kufanya hivyo. Kinachohitajika ni kwamba siku binti atakapouliza maana ya jina lake, asipewe tafsiri ya kamusi peke yake. Asimuliwe pia juu ya Yaqut aliyeuzwa akiwa mtoto na baadaye akaandika kamusi ya nchi na miji, ili ajue kwamba wapo walioitwa kama yeye, wakakataa kubaki vitu.