Chai hunywewa na dawa humezwa, si vya ‘kuchukuliwa’

MWAKA wa 1755, Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake jijini London, neno ‘take’ alilipa maana 134. Waingereza wana haki ya kulitumia watakavyo. Kosa ni letu sisi tunaozitwika maana hizo zote kitenzi kimoja cha Kiswahili, ‘kuchukua’.

Pita Mitunguu, kule Imenti Kusini, siku ya soko. Mnunuzi wa ndizi akimuuliza dereva, “Lori hili linachukua mikungu mingapi?”, amesema Kiswahili safi. Kuchukua ni kubeba, na pia ni kuwa na nafasi ya kutosha. Ndiyo maana husemwa mwanamke amechukua mimba, na shati limemchukua mwenyewe barabara. Hakuna Kiingereza hapo.

Lakini mnunuzi huyo huyo akimaliza biashara utamsikia: “Twende tuchukue chai, tuchukue picha, halafu tuchukue matatu hadi Nkubu.” Ala! Chai hunywewa, picha hupigwa, matatu hupandwa. Mwanawe naye, ati, ‘anachukua mtihani’. Anaupeleka wapi? Mtihani hufanywa.

Wapo watakaonijibu kwamba lugha hukua. Kweli hukua. ‘Kuchukua hatua’ kumeshakubalika na sina ugomvi nako. Ila lugha hukua kwa kuongeza maneno, si kwa neno moja kuyala mengine.

Na suala hili si la darasani tu. Mgonjwa anayeambiwa “chukua dawa hii mara tatu kwa siku” ameambiwa nini hasa? Tembe nyingine humezwa, nyingine hutafunwa, nyingine huwekwa chini ya ulimi. Dawa ya maji hunywewa, ya kidonda hupakwa, ya macho hutiwa. Kitenzi ndicho chenye maagizo. Ukikiondoa, nyanya aliyefika peke yake, bila mjukuu wa kumfafanulia, atarudi nyumbani na dawa mkononi asijue aifanyie nini. Kwa Kimeru angeambiwa ‘kunyua’, ndugu wa ‘kunywa’, naye angeelewa papo hapo.

Basi wauguzi, wauza dawa na sisi walimu tuanzie hapo. Kabla ya kutamka ‘chukua’, jiulize: ni mkono, mguu au mdomo utakaofanya kazi? Kama ni mdomo, sema meza, tafuna au kunywa. Maneno tunayo tele.