Uzi Uliomo Ndani ya Laini

Mvua za masika zinapokaribia, katika mashamba ya Sirisia, magharibi mwa Kenya, kamba hutangulia mbegu. Watu wawili hushika vijiti, kila mmoja upande wake wa shamba, wakaivuta kamba hadi iache kulegea. Wa tatu hufuata na jembe, akichimba shimo kila penye fundo. Kisha vijiti huhamishwa, sentimita 75 hivi, na kazi huanza upya. Ukiuliza kinachofanyika, utaambiwa mahindi yanapandwa kwa laini. Lakini hapo hapo Sirisia mtu hununua laini ya simu, wanafunzi hupanga laini mbele ya darasa, upepo huangusha laini ya stima, askari hukaa kwenye laini za polisi, na matatu ya kwenda Chwele hungoja zamu yake katika laini. Neno moja linabeba kazi sita, na asikiaye juujuu anaweza kudhani kwamba lugha imeishiwa maneno. Mimi nasema kazi zote sita zinaning'inia kwenye uzi mmoja, na kwamba fundi anayejua kuushika uzi huo, mtunzi wa kamusi, anastahili heshima kubwa kuliko tunayompa.

Neno tumelipata kwa Waingereza. Wao walilipata katika Kilatini, ambako linea ilikuwa uzi wa kitani, kutokana na linum, mmea wenyewe wa kitani. Uzi ukivutwa ukakaza huonyesha unyoofu. Alama iliyochorwa kuufuata ikaitwa kwa jina la uzi. Watu waliosimama kwa kufuata alama wakaitwa vivyo hivyo. Halafu njia ya reli, halafu waya wa simu. Ukoo wake haukuishia hapo. Kitambaa cha ndani ya koti, ambacho sisi tunakiita bitana, Waingereza wanakiita kwa jina litokanalo na kitani, kwa kuwa ndicho kilichowekwa humo zamani. Hata zulia la plastiki la sakafuni lina babu aliyeitwa linoleum, aliyetengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani. Mwashi wa Kitale anayevuta uzi kati ya misumari miwili kabla ya kulaza tofali, na mkulima wa Sirisia mwenye kamba yake, wameshika mkononi maana ya kwanza kabisa ya neno lililowafikia likiwa limezeeka.

Kupanga hatua hizo kwa haki ni kazi ya miaka. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilianza kutoka kwa vipande mwaka 1884, ikakamilika 1928. Mhariri wake mkuu, James Murray, alifariki 1915 akiwa kwenye herufi T, na herufi L, yenye neno letu, ilikuwa mikononi mwa mwenzake, Henry Bradley. Walifanya kazi kwa vikaratasi: kila kimoja kilibeba sentensi moja iliyookotwa kitabuni, pamoja na mwaka wake, na maana ikapewa nafasi kwa ushahidi. Kwetu pia umri wa watu umetumika. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, naye alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoka 1981. Jina kamusi lenyewe limesafiri kama laini: Fairuzabadi, aliyefariki 1415, alikiita kitabu chake cha maneno ya Kiarabu qamus, yaani bahari kuu, na jina la kitabu kimoja likawa jina la vitabu vyote vya aina hiyo.

Atatokea wa kuuliza: mkulima anahitaji nini kujua habari za Kilatini? Kupanda, hahitaji. Ila mwenye kufasili maneno asipozijua atapotosha. Kiswahili kina laini nyingine, ile ya unga laini na kitambaa laini, iliyotoka katika Kiarabu, layyin. Hizo mbili hazina udugu wowote. Mtu mwerevu anaweza kuzioanisha kwa dakika moja, akasema mstari ulionyooka ni laini kwa kuwa hauna mikunjo, na maelezo yake yakapendeza. Yakipendeza hivyo ndipo yanapokuwa hatari. Mtunzi wa kamusi anayejua asili huweka vidahizo viwili, laini ya kwanza na laini ya pili, na ile namba ndogo tunayoipita bila kuitazama ni hukumu iliyotolewa baada ya kusikiliza mashahidi.

Pingamizi zito zaidi ni la wapenzi wa Kiswahili safi: tuna mstari, safu, foleni na waya, basi laini ya nini? Ninauheshimu uchungu wao, lakini mashahidi wanawakana. Safu ni ya Kiarabu. Waya ni ya Kiingereza, na foleni ni amri ya gwaride ya Kiingereza iliyopata irabu. Mstari una mzizi wa Kiarabu ule ule wenye neno mistara, na mistara ya wanakili wa zamani ilikuwa ubao uliofungwa nyuzi, ukikandamizwa kwenye karatasi ili uache mifereji ya kuandikia. Kumbe hata mstari jirani yake ni uzi! Tena wazungumzaji hawakupokea kila kitu kiholela. Kiingereza hutumia neno laini kwa mstari wa shairi pia. Sisi tukabaki na mshororo. Hulitumia kwa nasaba. Tukabaki na ukoo. Hulitumia hata kwa mipaka ya nchi, na Sirisia inaujua mpaka: hadi 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa la Uganda, na leo mto Lwakhakha unatenganisha nchi mbili zenye watu wanaosikilizana lugha. Hata hivyo hakuna anayesema amevuka laini, wanasema mpaka. Lugha iliyozembea isingechagua hivyo.

Linabaki swali la kadi ya simu, ambayo haina uzi wowote ndani yake. Je, hapo uzi wangu haukukatika? Ungekatika kama maana zingeruka. Maana huenda kwa jirani: kutoka uzi hadi waya, kutoka waya hadi nafasi ya mteja kwenye waya huo, kutoka nafasi hiyo hadi kijikadi kinachoishika. Nguzo zikaondoka, jina likabaki. Ushahidi wa mwendo huo uko midomoni mwa watu walio hai, na baadhi yao wamewahi kutumia simu ya waya. Basi ombi langu kwa watakaoandaa kamusi zijazo: njooni Sirisia mwezi wa Machi, mkae kwenye ukingo wa shamba kamba ikivutwa, kisha mwende sokoni na stendi, na kila mnaposikia laini, mwandike sentensi nzima, mahali na tarehe.