Meseji Iliyoishinda Apu

Huko Marekani, kijana aliyetaka kuacha vepu, yaani sigara ya kielektroniki, alituma neno moja, DITCHVAPE, kwa namba fupi, na hapo hapo akawa ameshajiandikisha. Huduma hiyo, This is Quitting, ilianzishwa na shirika la Truth Initiative mwaka 2019. Hakukuwa na cha kupakua wala nywila ya kukumbuka, wala alama kwenye skrini ambayo mama angeiona aanze kuhoji. Yote yalikuwa meseji.

Ufundi wake nauona hapo. Apu humsubiri mtu aifungue, na aliyebanwa na arosto saa tano usiku ana mengine ya kufungua. Meseji humfuata alipo. Aliyetaja tarehe ya kuacha alianza kuzipokea wiki 1 kabla, kisha wiki 8 baada yake; ambaye bado alisitasita alipewa wiki 4 za kujiandaa. Hamu ilipompanda katikati, aliandika STRESS. Alipoteleza, aliandika SLIP, na jibu lilirudi. Baadhi ya meseji zilitoka kwa vijana wenzake waliopita humo humo, na nadhani hilo linazidi sauti ya daktari yeyote.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2024 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha jaribio la vijana 1,503 wa miaka 13 hadi 17. Hawa hawakuwa wavutaji wa kuonja: zaidi ya robo tatu walivuta ndani ya dakika 30 tangu waamke. Waligawanywa kwa bahati nasibu; kundi moja likapata huduma, jingine likawa linaulizwa tu kuhusu uvutaji wake. Baada ya miezi 7, asilimia 37.8 ya kundi la kwanza walisema hawajavuta kwa siku 30, na la pili asilimia 28.0. Waliopotea hewani walihesabiwa kuwa bado wanavuta, ukali ambao naupenda.

Ila tusiisome 37.8 peke yake. Hata walioulizwa tu, zaidi ya robo waliacha. Walikuja wakiwa tayari na nia. Kazi ya meseji ni ile tofauti, kama vijana 10 katika kila 100. Tena majibu yalikuwa ya kujieleza wenyewe tu. Aliyebembelezwa kwa wiki kadhaa anaweza kuona haya zaidi kukiri kwamba ameteleza, kuliko yule ambaye hakubembelezwa na mtu. Ningekuwa mtafiti, hapo ningeomba kipimo cha mate cha kuthibitisha majibu, hata kwa vijana wachache tu.