Treni ya Mizigo Same: Picha Nzuri Hupigwa Mbali na Reli

Mpenda reli anayeanza kupiga picha za treni za mizigo huvutwa na kichwa cha treni. Husogea hadi karibu na tuta, husubiri chuma kikubwa kijaze fremu, kisha hubonyeza. Kwa reli inayopita Same, chini ya milima ya Upare, nadhani njia hiyo ndiyo inayoharibu picha nyingi. Hapa picha bora hupatikana kwa kurudi nyuma, mita mia nne au mia tano kutoka relini. Nasema hivyo kwa kuangalia sura ya nchi, hesabu za lenzi na mwendo wa jua.

Tuanze na nchi yenyewe. Ujenzi wa reli hii ya geji ya mita moja ulianza Tanga mwaka 1893, na njia ikafika Moshi mwaka 1911. Wajenzi hawakuipandisha milimani. Waliifuatisha chini ya Usambara, kisha chini ya Upare kupitia Hedaru, Makanya, Same na Lembeni hadi Kahe. Ndiyo maana kwa makumi ya kilomita milima iko mashariki mwa reli, na magharibi kuna tambarare kavu ya migunga na mkonge, kwa kuwa milima huzuia mvua zinazotoka baharini. Kilele cha Shengena kina zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Same hauzidi mita 900. Ukipiga picha ya treni bila kuonyesha tofauti hiyo, umepiga treni ya popote.

Wengi hudhani kwamba mlima huingia vizuri kwenye picha kwa lenzi pana. Hesabu inakataa. Tuchukue mlima unaoinuka mita 1,000 juu ya tambarare, kilomita sita nyuma ya reli, na kichwa cha treni chenye kimo cha mita nne. Ukisimama mita 100 kutoka relini, mlima utaonekana na kimo mara nne tu ya kichwa hicho. Rudi hadi mita 500: mlima haujapungua kwa kiasi cha kutambulika, kwani umeuongezea umbali kidogo mno, lakini treni imepungua mara tano. Sasa mlima ni mara kumi na tisa ya kichwa cha treni. Lenzi hukata tu sehemu ya kile unachokiona. Uwiano wa vitu huamuliwa na mahali unaposimama.

Umbali husaidia pia kwenye mwendo. Treni inayokwenda kilomita 40 kwa saa husogea sentimita 2.2 hivi katika muda wa 1/500 ya sekunde. Ukiwa umejaza fremu kwa kichwa chenye urefu wa mita 15, na picha yako ina pikseli 6,000 kwa upana, kila pikseli inabeba milimita 2.5, mwendo ule utaenea pikseli tisa, na namba ubavuni itafifia. Ukijaza fremu hiyohiyo kwa treni nzima ya mita 300, kila pikseli inabeba sentimita tano, na mwendo haufikii hata nusu ya pikseli. Hata simu ya kawaida inatosha kwa kazi hii, jambo zito kwa kijana wa Same asiye na kamera ya bei kubwa.

Kuhusu jua, milima iliyo mashariki huifanya asubuhi iwe ngumu: uso wa mlima unaoelekea reli uko kivulini. Mchana jua liko karibu na utosi, maana Same iko takriban nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Kuanzia saa tisa na nusu alasiri jua hushuka chini ya nyuzi 45, na upande wa magharibi, ulio wazi, huliachia lipige treni na mlima kwa pamoja. Kuna tofauti ya majira. Kati ya Makanya na Same reli huelekea kaskazini, ikiegemea magharibi kidogo. Kwa hiyo jioni za Juni treni inayopanda Moshi hupata jua usoni, na inayoteremka pwani hubaki na uso wenye giza. Desemba jua hupiga ubavu, na mabehewa yote hung'aa sawasawa.

Wapo watakaopinga kwamba mpenda reli anataka namba, bamba na bolti, na kwamba umbali humnyima hayo. Ni kweli, lakini hayo hupigwa vizuri zaidi kichwa kikiwa kimesimama stesheni, kwa ruhusa ya stesheni masta. Tazama kichwa cha mvuke namba 5930 cha Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kilichopewa jina Mount Shengena, jina la kilele hikihiki cha Upare. Ni kimoja kati ya 34 vya daraja la 59 vilivyoundwa Manchester na Beyer Peacock miaka ya 1950. Leo kipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na bolti zake zinasubiri yeyote mwenye kamera. Kisichoweza kupigwa tena ni kichwa hicho kikivuta mabehewa katika nchi kilikofanyia kazi. Picha ya mbali ndiyo huhifadhi kazi ya treni.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: treni ya mizigo haina ratiba inayotangazwa kwa umma, na umbali mkubwa huleta vumbi na mtetemo wa joto la ardhi. Nakubali kwamba mchana wa kiangazi mtetemo huo huvuruga picha, na ndiyo maana sipendekezi kilomita mbili. Mita 500, alasiri, siku chache baada ya mvua kulaza vumbi, hasara ni ndogo. Kukosekana kwa ratiba nako kunadai uchague mahali mapema, kwa sababu treni ikishatokea huna muda wa kutafuta mlima. Tambarare hukuonyesha treni ingali mbali, na anayesimama nje ya hifadhi ya reli hajihatarishi wala hamshtui dereva.

Treni za mizigo zilirejea hadi Moshi mwaka 2019, baada ya njia kukaa zaidi ya miaka kumi bila huduma. Huduma iliyokwisha kufa mara moja inastahili kuwekewa kumbukumbu ikiwa hai. Basi rudi nyuma, upe mlima nafasi yake, na chini ya kila picha andika tarehe, mahali na upande treni ilikokuwa inaelekea.